Vigeu visivyo na mwisho chini ya Kariakoo

Kutafuta integrali kwa namba ni kutafuta wastani wa kitu kinachobadilika, pasipo kukipima kila mahali kinapobadilika. Kiasi kinachobadilika huitwa kigeu, na kanuni inayopokea thamani za vigeu na kutoa jibu moja huitwa fankisheni. Kigeu kikiwa kimoja, kazi ni nyepesi. Anayetaka wastani wa joto la Dar es Salaam kwa siku moja anasoma kipimajoto kila saa, anajumlisha masomo yote 24 na kugawanya kwa 24. Akitaka jibu zuri zaidi, anasoma kila nusu saa. Vigeu vikiwa viwili au vitatu, kazi inaongezeka kidogo. Lakini zipo fankisheni zenye vigeu mia, zipo zenye elfu, na zipo ambazo vigeu vyake havina idadi kabisa. Tangu miaka ya 1990 fankisheni hizi za mwisho zimejengewa nadharia yake, na swali lake kuu ni hili: ili wastani upatikane kwa kosa lisilozidi kiwango kilichowekwa, kompyuta inalazimika kufanya kazi kiasi gani?

Fankisheni ya namna hiyo iko chini ya miguu ya kila anayepita Mtaa wa Msimbazi au Mtaa wa Kongo. Kariakoo, eneo la biashara la Dar es Salaam, imekaa juu ya udongo wa pwani, mchanga uliochanganyika na mfinyanzi kwa viwango vinavyotofautiana, na pembeni yake ardhi inashuka kuingia bonde la Jangwani, ambako Mto Msimbazi hufurika mvua zinapozidi. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 jijini. Juu ya udongo huo nyumba za chini za mtindo wa Kiswahili zimepisha maghorofa yenye fremu za biashara, na biashara nyingine imeshuka chini ya ardhi. Soko kuu lenyewe, lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, lilijengwa likiwa na orofa iliyo chini ya usawa wa barabara, ile inayojulikana kwa wauzaji na wachukuzi kama shimoni. Anayechimba msingi wa kina kirefu katika eneo hili hana budi kujua maji yatapenya kwa kasi gani kuingia kwenye shimo lake, na pampu za ukubwa gani zitahitajika.

Kanuni ya mwendo wa maji ndani ya udongo ilitolewa na mhandisi Henry Darcy wa Dijon, Ufaransa, mwaka 1856. Maji hupita kwa kasi inayolingana na tofauti ya msukumo na uwezo wa udongo kupitisha maji. Mchanga safi hupitisha maji mara maelfu kwa maelfu zaidi ya mfinyanzi. Uwezo huo haufanani hata ndani ya kiwanja kimoja: kona moja ni mchanga mtupu, hatua kumi mbele kuna ulimi wa mfinyanzi, chini zaidi hali inageuka tena. Ili kanuni ya Darcy itoe jibu kamili, uwezo wa kupitisha maji lazima ujulikane katika kila nukta ya udongo. Nukta za kiwanja hazihesabiki. Hapo ndipo vigeu visivyo na mwisho vinapozaliwa, tena katika jambo la kawaida kabisa la ujenzi.

Kinachojulikana kwa hakika ni kidogo sana. Katika upimaji wa udongo uliozoeleka, fundi hutoboa shimo jembamba, huteremsha bomba la chuma lenye kinywa wazi, kisha nyundo ya kilo 63.5 huangushwa juu yake kutoka kimo cha sentimita 76, tena na tena. Mapigo yanayozamisha bomba sentimita 15 za kwanza hayatiliwi maanani, kwa kuwa udongo wa chini ya shimo umeshavurugwa na kutoboa. Huhesabiwa mapigo ya sentimita 30 zinazofuata: mapigo manne ni udongo laini, mapigo 40 ni udongo mgumu. Aghalabu kipimo hurudiwa kila baada ya mita moja na nusu kwenda chini. Kiwanja chenye mashimo matatu au manne kina namba kadhaa tu, na kila kilicho kati ya shimo na shimo ni cha kukisia.

Kukisia huko kuna utaratibu wake. Udongo usiojulikana huchukuliwa kuwa mmoja kati ya aina zote zinazokubaliana na vipimo, na kila aina hupewa uwezekano wake. Wanahisabati huita jambo hilo uwanda nasibu. Katika miaka ya 1940 watu watatu, kila mmoja kivyake, walionyesha namna ya kuuvunja uwanda nasibu kuwa vigeu vilivyopangwa kwa umuhimu: Damodar Kosambi wa India, Kari Karhunen wa Finland na Michel Loève wa Ufaransa. Kigeu cha kwanza kinaeleza kama kiwanja kizima kina mchanga zaidi au mfinyanzi zaidi. Vinavyofuata vinaeleza tofauti ya upande mmoja na mwingine, kisha ya robo na robo, na hivyo kuendelea hadi tofauti za upana wa kidole. Orodha haina mwisho, ila kila kigeu kinachofuata kina uzito usiozidi wa kilichokitangulia. Mpangilio huo ndio uti wa mgongo wa nadharia yote.

Eneo hilohilo lina mfano mwingine ambao hesabu yake inajulikana hadi kwenye asilimia. Mfanyabiashara wa Kariakoo anayeagiza mzigo China hulipa kwa fedha za kigeni, na gharama yake ya mwaka inategemea njia nzima ambayo thamani ya shilingi imepita, si kiwango cha siku moja. Njia inayoyumba bila kukoma ilipewa msingi wake wa kihisabati na Norbert Wiener mwaka 1923. Ikivunjwa kwa utaratibu wa Karhunen na Loève, kigeu cha kwanza peke yake hubeba takriban asilimia 81 ya mtawanyo wote, na vitano vya kwanza hubeba takriban asilimia 96. Vilivyobaki, ambavyo havina idadi, hugawana asilimia nne.

Kabla ya kuona faida ya jambo hilo, inafaa kuona ubaya wa njia ya kawaida. Anayefuata desturi ya kipimajoto atachagua thamani kumi kwa kila kigeu na kujaribu kila mchanganyiko. Vigeu viwili vinadai majaribio 100, vitatu 1,000. Vigeu 20 vinadai majaribio ambayo idadi yake ni 1 ikifuatiwa na sufuri 20. Kompyuta inayomaliza majaribio bilioni moja kwa sekunde ingehitaji zaidi ya miaka 3,000, na hivyo ni vigeu 20 tu. Richard Bellman wa Marekani aliita hali hii laana ya dimensheni katika miaka ya 1950. Mwaka 1959 Nikolai Bakhvalov wa Moscow alithibitisha kwamba tatizo haliko kwenye desturi hiyo pekee: kwa fankisheni zinazojulikana tu kuwa na ulaini wa kiwango fulani, hakuna mpangilio wowote wa nukta, uliobuniwa au utakaobuniwa, unaoweza kuikwepa laana hiyo ikiwa kosa linapimwa kwa fankisheni mbaya kuliko zote.

Uthibitisho kama wa Bakhvalov ni wa aina ya pekee, na ndio unaotofautisha taaluma ya ugumu wa hesabu na utengenezaji wa programu. Anayetengeneza programu huonyesha kwamba kazi inawezekana kwa gharama fulani. Anayechunguza ugumu huonyesha pia kwamba chini ya gharama fulani kazi haiwezekani, haidhuru programu iandikwe na nani. Gharama hizo mbili zikikutana, jambo limekwisha.

Mlango wa kwanza wa kutokea ulishafunguliwa Los Alamos, Marekani. Stanislaw Ulam, akiuguza ugonjwa mwaka 1946, alikuwa akicheza karata peke yake na kujiuliza mchezo hufanikiwa mara ngapi kati ya mia. Kukokotoa jibu kulimshinda. Kucheza mara nyingi na kuhesabu mafanikio kulikuwa rahisi. Akiwa na John von Neumann na Nicholas Metropolis, aliigeuza fikra hiyo kuwa mbinu ya kompyuta iliyopewa jina la Monte Carlo, na makala ya Metropolis na Ulam ilitoka mwaka 1949. Kwa kiwanja cha Kariakoo mbinu hiyo ina maana ya kubuni udongo mmoja kwa bahati nasibu, kukokotoa maji yatakayopenya, kubuni mwingine, na mwishoni kutafuta wastani. Kosa la wastani huo hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya majaribio: kosa likitakiwa kuwa dogo mara kumi, majaribio huzidishwa kwa 100. Ni mwendo wa pole, lakini hautegemei idadi ya vigeu hata kidogo. Laana imekwepwa kwa kukubali jibu lenye uwezekano badala ya jibu lenye hakika.

Mlango wa pili ni wa kuzipanga nukta vizuri kuliko bahati inavyozipanga. Nukta za bahati hurundikana hapa na kuacha mapengo pale. Mholanzi van der Corput alionyesha mwaka 1935 mfuatano unaoziba mapengo kila unapoendelea: nusu, kisha robo, robo tatu, thumuni moja, thumuni tano, thumuni tatu, thumuni saba, na kuendelea. John Halton mwaka 1960 na Ilya Sobol mwaka 1967 walipata mifuatano ya vigeu vingi. Vitabu vilionya kwamba mifuatano hiyo ingefaa vigeu vichache tu, labda kumi au kumi na mbili, kwa kuwa hakikisho lake la kinadharia huharibika haraka. Basi mwaka 1995 Spassimir Paskov na Joseph Traub wa Chuo Kikuu cha Columbia walichapisha matokeo ya kukadiria thamani ya hati zilizotokana na mikopo ya nyumba ya miaka 30. Malipo ni ya kila mwezi, hivyo vigeu ni 360. Nukta za Sobol ziliishinda Monte Carlo kwa mbali, kinyume cha maonyo yote.

Maelezo mashuhuri ya ushindi huo yalikuja mwaka 1998 kutoka kwa Ian Sloan wa Australia na Henryk Woźniakowski wa Poland. Walikiuka mazoea ya kuvihesabu vigeu vyote kuwa sawa, wakakipa kila kigeu uzito. Kisha wakathibitisha sharti lililo wazi: katika jamii ya fankisheni waliyoichunguza, idadi ya nukta zinazohitajika haikui pamoja na idadi ya vigeu ikiwa, na ikiwa tu, jumla ya uzito wote ina kikomo. Uzito ukienda 1, robo, sehemu moja ya 9, sehemu moja ya 16, jumla haivuki 1.65, hata vigeu viongezeke vipi. Ukienda 1, nusu, theluthi, robo, jumla haina kikomo na nukta zinazodaiwa huongezeka kila vigeu vinavyoongezeka. Mikopo ya miaka 30 ilikuwa na vigeu 360 kwa kuhesabu, lakini kwa uzito ilikuwa na vichache.

Sharti hilo linafungua njia ya kwenda hadi vigeu visivyo na mwisho, kwa sababu jumla yenye kikomo haijali orodha inaishia wapi. Linabaki jambo moja ambalo vigeu 360 havikuliuliza. Kompyuta haiwezi kupokea namba zisizo na mwisho. Kila jaribio lazima litumie vigeu vichache vilivyochaguliwa, na vingine vyote vibanwe kwenye thamani moja ya kawaida, kwa mfano wastani wa udongo wa kiwanja. Kadiri vigeu vilivyoachwa huru vinavyozidi, ndivyo jaribio moja linavyokuwa ghali. Hivyo gharama haiwezi kupimwa tena kwa idadi ya majaribio peke yake. Lazima kila jaribio lilipiwe bei kulingana na vigeu lilivyotumia.

Namna ya kutoza bei hiyo ilichunguzwa kwa bidii kubwa kati ya mwaka 2009 na 2012. Jakob Creutzig, Steffen Dereich, Thomas Müller-Gronbach na Klaus Ritter wa Ujerumani walilinganisha mwaka 2009 kanuni mbili: moja inalazimisha majaribio yote yatumie vigeu vilevile, nyingine inaruhusu ngazi, majaribio mengine yatumie vichache na mengine vingi. Mwaka 2010 Frances Kuo, Sloan, Grzegorz Wasilkowski na Woźniakowski walikwenda mbali zaidi wakaruhusu kila jaribio lichague vigeu vyovyote, hata cha 7 na cha 300 bila vilivyo kati yake. Tofauti inaonekana ndogo kwenye karatasi. Kwenye gharama ni kubwa.

Kanuni ya kwanza ndiyo mbaya. Kosa lina vyanzo viwili, vigeu vilivyokatwa na uchache wa majaribio, na kupunguza vyote viwili kwa pamoja kunamaanisha majaribio mengi ambayo kila moja ni ghali. Ngazi zinavunja muungano huo. Stefan Heinrich alionyesha mbinu hiyo mwaka 1998, na Michael Giles wa Oxford aliifanya ijulikane mwaka 2008. Namba chache za mfano zinatosha kuieleza. Tuseme kiwanja kikielezwa kwa vigeu 10 jaribio huchukua sekunde 1, kwa vigeu 40 sekunde 4, kwa vigeu 160 sekunde 16. Majaribio 10,000 ya vigeu 160 huchukua sekunde 160,000, zaidi ya saa 44. Kwa mbinu ya ngazi, wastani wa vigeu 10 hutafutwa kwa majaribio 20,000 ya bei nafuu, jumla sekunde 20,000. Kisha hutafutwa wastani wa tofauti kati ya jibu la vigeu 40 na jibu la vigeu 10, udongo uleule ukitumika kwa yote mawili. Majibu hayo hufanana sana, hivyo tofauti yake haitawanyiki. Ikiwa mtawanyo hupungua mara 16 kila ngazi, majaribio 2,000 ya sekunde 5 yanatosha. Tofauti ya ngazi ya juu inadai majaribio 250 ya sekunde 20. Jumla ni sekunde 35,000, chini ya saa 10, na usahihi haupungui. Kazi kubwa imefanyika pale ilipo rahisi, na vigeu vingi vimeguswa mara chache tu.

Kanuni ya tatu, ile inayoruhusu kila jaribio lichague vigeu vyovyote, hutumika tofauti. Fankisheni huvunjwa kuwa vipande: kipande cha kila kigeu peke yake, cha kila jozi, cha kila vitatu vitatu, na kuendelea. Kila kipande kina uzito wake, na vyenye uzito mdogo kuliko kosa linalokubalika huachwa. Leszek Plaskota na Wasilkowski walionyesha mwaka 2011 kwamba uzito wa kipande unapotokana na kuzidisha uzito wa vigeu vyake, na uzito huo ukipungua haraka vya kutosha, vipande vinavyobaki ni vidogo mno. Idadi ya vigeu katika kipande kikubwa kuliko vyote hukua polepole kuliko hata idadi ya tarakimu sahihi zinazotafutwa. Tatizo la vigeu visivyo na mwisho hugeuka kuwa matatizo mengi ya vigeu viwili, vitatu, vinne. Uzito ukipungua kwa kasi ya kutosha, gharama ya kupunguza kosa hukua kwa kiwango kilekile cha tatizo la kigeu kimoja, na hili ni mojawapo ya matokeo ya kushangaza kabisa katika hisabati ya kukokotoa. Upande wa pili nao umethibitishwa: uzito ukipungua polepole, kuna mpaka ambao hakuna mbinu inayoweza kuuvuka.

Kwa hiyo swali la kiwanja cha Kariakoo halihusu tena wingi wa vigeu. Linahusu kasi ya kupungua kwa uzito, na kasi hiyo iko kwenye udongo wenyewe. Udongo unaobadilika taratibu, ambao kipimo cha hapa kinaashiria kipimo cha mita nyingi mbele, una vigeu vichache vizito na mkia mwepesi. Udongo wenye tabaka nyembamba zinazopishana una mkia mzito, na mbinu zote zilizotajwa hupoteza kasi. Kwa kawaida ya udongo uliowekwa na maji, mfanano kwenda pembeni huendelea kwa makumi ya mita, lakini kwenda chini huisha baada ya mita moja au mbili.

Nadharia huchukulia uzito kuwa umeshajulikana. Mhandisi hana bahati hiyo. Lazima aukadirie kutoka kwenye vipimo, na hapa desturi ya upimaji inaingia moja kwa moja kwenye gharama ya hesabu. Novemba 16, 2024 jengo la ghorofa lilianguka Kariakoo na kuua watu zaidi ya 20, na Serikali ikaunda kamati ya kukagua majengo ya eneo hilo. Haidhuru chanzo cha ajali yoyote kiwe nini, watu wanaofanya kazi na kulala ndani ya majengo haya wanastahili ardhi iliyopimwa sawasawa. Nyundo inayosoma kila mita moja na nusu haiwezi kuona mfanano unaoisha ndani ya mita moja, wala kutofautisha mkia mwepesi na mkia mzito. Ncha ya chuma inayosukumwa ardhini taratibu na kurekodi ukinzani kila baada ya sentimita moja au mbili inaweza. Tundu moja la ncha hiyo, lenye kina cha mita 20, hutoa masomo elfu moja au zaidi katika mstari mmoja wa wima, na kutokana na masomo hayo kasi ya kupungua kwa uzito kwenda chini hukadiriwa kabla kompyuta haijawashwa. Kwenda pembeni hakuna njia ya mkato kama hiyo: umbali wa mfanano hujulikana kwa kulinganisha tundu na tundu, na kila tundu linalipiwa.